Ngege Watano kwa Filamu Isiyokuwepo

Katika miaka yote ambayo Dalmas Owiti alikuwa amehukumu filamu katika gazeti la Mawio ya Ziwa, hakuna filamu iliyowahi kupata ngege watano, wale samaki wanono wa ziwani. Ndivyo alivyotoa alama. Hakutumia nyota, kwa sababu nyota, alisema, ziko mbali na hakuna aliyewahi kuzila. Filamu nzuri ilipata ngege wanne. Ya kawaida ilipata wawili. Mbovu ilipata omena mmoja, yule dagaa mdogo, na kuna mtayarishaji mmoja wa Homa Bay aliyepewa kichwa tu cha omena na ambaye hajamsalimia Dalmas tangu siku hiyo.

Gazeti hutoka Ijumaa. Husomwa na walimu, na vinyozi, na watu wanaongoja kuitwa kwa daktari. Likishasomwa hufungiwa mandazi, kwa hiyo wasomaji wengi wa Dalmas walimsoma wakiwa na mafuta vidoleni, jambo ambalo yeye aliliona kuwa ushahidi wa kupendwa.

Alikuwa na maoni juu ya kila kitu kinachosonga kwenye kioo. Filamu za Kihindi alizikemea hadharani na kuzililia kwa siri. "Ingekuwa mvua inanyesha Nyakach kila wapenzi wanapotaka kuimba," aliandika, "tungevuna mtama mara nne kwa mwaka." Kuhusu filamu za Kinaijeria alisema kwamba mchawi akifa sehemu ya kwanza, usimzike, atarudi sehemu ya tano akiwa mchungaji. Akatoa ngege wawili, mmoja wa mchawi, mmoja wa mchungaji. Filamu za vita za Wamarekani zilimchosha: "Mtu mmoja mwenye risasi begani anamaliza jeshi zima. Nina baba mdogo huko Pap Onditi mwenye maumivu ya bega. Hawezi kufunga lango." Za karate alizipa heshima, kwa sababu ndizo pekee ambazo mwanafunzi anaendelea kumwogopa mwalimu hadi mwisho. Na shirika fulani lilipoleta filamu ya saa nzima kuhusu magugu ya ziwani, aliandika sentensi mbili: "Magugu yameigiza vizuri. Wataalamu walikuwa wakavu kidogo."

Mtu wa kwanza kusikia maneno hayo alikuwa mkewe, Seline. Kila Jumatano jioni Dalmas alimsomea makala nzima huku Seline akishona vifungo, maana Seline ni fundi wa nguo, ana kibanda na cherehani pale mtaa wa Manyatta. Akicheka, sentensi inabaki. Akiuliza, "Bado haijaisha?", inakatwa. Kuna mhariri anayelipwa mshahara, Caren Achola, lakini Caren kazi yake ilikuwa kuweka koma. Mhariri alikuwa Seline.

Halafu Wanyonyi akafungua ukumbi wa video ng'ambo ya barabara, ukikitazama kibanda cha Seline uso kwa uso.

Wanyonyi alitoka Bungoma akiwa na projekta, maikrofoni na koti la ngozi, na hilo koti alilivaa mchana kutwa katika jiji ambalo hata mijusi hutafuta kivuli. Jina lake la kazi ni Radi. Ni katika wale watu wanaoichukua filamu ya kigeni, wakaipunguza sauti, na kuisimulia upya kwa Kiswahili inapoendelea. Kwa Radi, kila shujaa anaitwa Makokha, awe Mchina au Mrusi. Kila adui hupewa jina la mwenye nyumba anayemsumbua mwezi huo. Hajui Kichina, wala Kirusi, wala Kikorea, na jambo hilo halijawahi kumchelewesha.

Dalmas aliandika makala kali dhidi yake. Alisema kumpa filamu mtu wa aina hii ni kumwita fundi bomba aje kung'oa jino. Aliipenda sana sentensi hiyo. Akangoja jibu. Wanyonyi hakujibu, kwa sababu hasomi magazeti, na hakuna tusi lililowahi kumuuma Dalmas kama hilo.

Siku moja alasiri Dalmas alimpitia Seline kazini akiwa na mfuko wa mihogo. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Ng'ambo ya barabara, mabati ya ukumbi yalikuwa yakitetemeka kwa vicheko, na katikati ya vicheko hivyo Dalmas akakitambua kimoja. Kicheko cha Seline huanza kama kikohozi, kinasita, halafu kinajiachilia. Kwa muda mrefu alidhani ni yeye peke yake anayejua kukiwasha. Sasa kiliwashwa mara tatu kabla hajahamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza Seline alipotoka, akipangusa macho.

"Hapo tu, kwa Radi."

"Mnacheka nini huko?"

"Si ungeingia, usikie."

"Mimi siingii mahali kama pale."

"Basi usiulize, Baba Adongo. Hii mihogo ni ya nani?"

Tangu hapo Dalmas akawa mtu wa kuchunguza. Supu ikizidi chumvi, Seline alisema imepikwa na Makokha. Kuku wa jirani akiingia jikoni, Seline alisema, "Haya, watazamaji, adui amefika!" kwa sauti nzito isiyokuwa yake. Dalmas alienda Kibuye kwenye mitumba, akajaribu koti la ngozi, akatoka jasho kabla hajafika kwenye kioo, akalirudisha akisema linabana. Wivu ukaanza kuvuja hata gazetini. Makala yake kuhusu filamu ya Uswidi, ya mjane anayefuga nyuki, ilimalizika kwa aya nzima juu ya wanaume wanaovaa ngozi kwenye joto. Caren aliikata.

"Nyuki na koti vinahusiana vipi?" Caren aliuliza.

"Ni suala la kujikinga," alisema Dalmas.

Na Jumatano jioni alipofungua karatasi zake, Seline alisema ana kazi ya watu, asome kesho. Kesho yake alisema vivyo hivyo. Dalmas akaanza kuandika bila kujua ni wapi pa kuchekesha, na ikasomeka hivyo. Alichotaka hakikuwa kikubwa, kwa maoni yake mwenyewe. Alitaka Seline ainuke kwenye benchi la Wanyonyi arudi kwenye kiti chake, asikilize.

Wakati huo mji mzima ulikuwa ukizungumzia filamu moja ya Kikorea, ya mtu mwenye mwavuli mwekundu. Caren aliitaka ukurasani. Dalmas akaipata, akaketi nyumbani Jumatano asubuhi kuitazama. Aliona mtu mwenye koti refu amesimama kwenye kituo cha basi, mvua ikinyesha. Akamwona akifungua mwavuli. Stima zikapotea Manyatta yote, na betri ya laptopu, ambayo ilikuwa betri kwa jina tu, ikafuata.

Simu ikalia. "Dalmas, ukurasa uko mtupu kama uwanja," alisema Caren. "Nataka hiyo kitu kabla ya saa nane."

Seline alikuwa amebaki nyumbani siku hiyo, akinyoosha sare za kwaya kwa pasi ya makaa. Hakuinua kichwa. "Ni ile ya mwavuli? Hiyo nimeiona."

Dalmas hakuuliza wapi. Alitazama dari kidogo, akatafuta namna ya kuomba bila kuomba. "Nieleze tu matukio. Sitaki maneno ya yule mtu."

"Mtu gani?"

"Wewe nieleze."

Seline akageuza kola. "Huyo jamaa, mke wake alitoka."

"Alitoroka?"

"Nimesema alitoka. Aliweka chakula mezani, akafunika, akaenda. Jamaa akafunua, akala, akamaliza, akanawa. Ndipo akaona nyumba iko kimya."

"Vizuri," alisema Dalmas, akiandika. "Na kwa nini alitoka?"

"Huyo mume akirudi kila jioni ni kuongea. Kazi yake, adui zake, vile fulani alisema na vile yeye alimjibu. Bibi anasikiza. Siku moja bibi amepigiwa simu, mama yake amelazwa hospitali. Akaja nyumbani amwambie. Akangoja mzee amalize kwanza."

"Halafu?"

"Hakumaliza."

Dalmas alipiga paja. "Hiyo ni nzuri! Unaona jinsi hawaelezi sana? Na mwavuli?"

"Mwavuli ni wa bibi. Aliusahau. Jamaa anazunguka nao mji mzima akiuliza kama kuna mtu anamjua mwenyewe. Watu wanamuuliza: huyo mama anapenda nini? Rafiki yake ni nani? Siku hizi analala vizuri? Hajui. Anajua mwavuli tu."

"Inaishaje?"

Seline alipuliza makaa, majivu yakaruka. "Stima ilipotea hata kule kabla ya mwisho."

Dalmas akaandika kwamba filamu hiyo inaachwa bila mwisho, kama wafanyavyo mabingwa. Aliandika kwamba aliyeitunga ameishi ndani ya nyumba yenye watu na ametazama, wakati sisi wengine huishi humo tukiongea. Akatoa ngege watano. Aliwapanga mstari mmoja, akawahesabu tena.

Alipomaliza alimsomea Seline, na Seline akaiweka pasi chini akasikiliza hadi neno la mwisho. Hakucheka popote, lakini alisikiliza, na Dalmas alihesabu hilo kama ushindi.

"Wewe umeielewa hiyo filamu, Baba Adongo?" aliuliza Seline.

"Mimi? Hiyo ndiyo kazi yangu."

Seline akachukua sare nyingine.

Jumamosi Dalmas alikuwa kwenye kiti cha Oyugi, kinyozi wake, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado, na gazeti likiwa wazi kwenye meza ya Oyugi.

"Omera," alisema Oyugi, mashine ikinguruma hewani, "hii filamu umeitazama na macho gani?"

"Macho haya."

"Mimi nimeitazama jana yenye maandishi ya Kiingereza chini. Hakuna bibi. Hakuna sahani. Jamaa ni polisi, na mwavuli umefichwa almasi kwenye mpini. Watu wanauawa kuanzia dakika ya kumi."

"Pengine ni tafsiri ya maandishi..."

"Yawa! Tafsiri gani inatoa almasi kwa mke?"

Wateja waliokuwa kwenye benchi walicheka hadi mmoja akaenda nje kukohoa. Dalmas angeondoka kwa heshima zake, lakini ni vigumu kuondoka kwa heshima ukiwa na nusu ya nywele. Ikambidi akae asikilize, mtu mmoja akimshauri apime macho, mwingine akisema mzee aliiota.

Jumatatu Caren alimwita. Alikuwa amechoka kupokea simu. "Utaandika masahihisho. Mafupi. Na usiniletee habari za makoti."

Dalmas alirudi kwa miguu, apate nafasi ya kuteseka vizuri. Mambo yalikuwa wazi. Hadithi haikutoka Korea, basi imetoka kwa Wanyonyi. Ngege watano wa kwanza wa maisha yake, ambao hakuwapa Mhindi wala Mwitaliano, amempa Wanyonyi kwa mkono wake mwenyewe. Hilo lilimchoma. Lililomchoma zaidi ni kwamba hata sasa aliiona hadithi kuwa nzuri, na hakujua jinsi ya kuacha kuiona hivyo. Halafu, alipofika karibu na soko, likaja la tatu. Huyu mtu wa Bungoma, anayeishi peke yake na projekta, amejuaje kuhusu mume anayeongea kila jioni? Nani amemweleza? Na wakiwa wamekaa wapi?

Alimkuta Wanyonyi mbele ya ukumbi, amekaa juu ya kreti, anakula ugali na omena. Kwa mara ya kwanza hakuwa na koti.

"Bwana Gazeti!" alisema Wanyonyi. "Karibu, karibu. Leo umeamua kuingia kwa sinema ya watu maskini?"

"Nani amekupa habari za nyumba yangu?"

"Nyumba gani?"

"Mume anayeongea. Mke anayengoja amalize. Sahani imefunikwa. Mwavuli!" Sauti ya Dalmas ilikuwa imepanda hadi mahali asipopajua. "Usiniambie umeyatoa kwenye filamu. Filamu ni ya almasi."

Wanyonyi aliacha kutafuna. Alionekana mtu anayefikiri kwa dhati, na haikumkaa vibaya. "Mzee, ngoja. Mwavuli mimi nilisema ni ya baba mkwe. Makokha anapeleka mahari, ng'ombe moja imepotea kwa njia, sasa anatafuta. Anauliza kila mtu, 'Jamani, mmeona ng'ombe yangu?' Wale polisi wakipiga bunduki, hao ni mashemeji wamekasirika. Watu walicheka mpaka benchi ikavunjika. Ile pale, unaona mguu?"

Dalmas aliutazama mguu wa benchi. Ulikuwa umefungwa waya. "Na mke?"

"Mke gani? Mahari haijaisha, mke atatoka wapi?"

Ilipita pikipiki. Dalmas aliiacha ipite hadi mwisho.

"Seline alikuwepo?"

"Mama Adongo? Yeye hukaa pale nyuma na nguo zake, anashona vifungo akisikiza. Lakini siku ya mwavuli hakumaliza. Alipigiwa simu, akaniomba nipunguze sauti asikie. Mama yake wa Awasi alikuwa amelazwa. Akatoka mbio." Wanyonyi alipangusa vidole. "Kwani hukujua?"

Dalmas alisema alijua.

"Sasa huyo mama amepata nafuu? Msalimie sana."

Dalmas alisema atamsalimia.

Alivuka barabara lakini hakuingia kwenye kibanda. Alisimama nyuma yake, penye kivuli, akikumbuka. Ilikuwa majuma mengi nyuma. Seline alikuwa amesema anaenda Awasi mara moja, na yeye akajibu, "Sawa, lakini sikiliza kwanza," akamsomea kuhusu mchawi na mchungaji. Seline alikaa mlangoni akiwa ameshika pochi. Jioni aliikuta sahani mezani, imefunikwa. Aliifunua. Alikula, akamaliza, akanawa, na kitu pekee alichokumbuka kufikiri ni kwamba pengine Seline hakwenda Awasi, pengine yuko kwa Radi. Siku ya pili Seline aliporudi, alimuuliza kama sentensi ya mchungaji ilikuwa ndefu mno.

Alimwonea Wanyonyi wivu hapo hapo, nyuma ya kibanda, wivu mpya usiokuwa na koti ndani yake. Mtu yule alikuwa amepunguza sauti.

Masahihisho aliyaandika Jumanne, na yalitoka kwenye kona ya chini, chini ya tangazo la mbolea: "Wiki iliyopita safu hii iliisifu filamu ya mwavuli kwa hadithi ambayo haimo ndani yake. Filamu yenyewe, ya polisi na almasi, inapata ngege wawili. Wale watano wanabaki na hadithi. Mwenye hadithi anajulikana. Bwana Wanyonyi hahusiki."

"Hii ya mwisho ni ya nini?" aliuliza Caren, kalamu ikiwa tayari.

"Iache."

"Hakuna aliyemtaja Wanyonyi."

"Iache hivyo hivyo, Caren."

Jumanne hiyo hiyo alasiri Dalmas aliingia kwenye kibanda cha Seline, akaketi kwenye stuli ya wateja. Hakuwa na karatasi. Seline alimtazama mikono yote miwili, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Mama anaendeleaje?" alisema Dalmas.

"Mama gani?"

"Wa Awasi."

Cherehani ilisimama. "Nani amekuambia?"

Angeweza kusema amekumbuka mwenyewe. Alilijaribu jibu hilo moyoni, likabana kama lile koti la Kibuye. "Wanyonyi," alisema, na jina hilo lilimtoka kama jino. "Anamsalimia."

Seline alivuta uzi, akaukata kwa meno, akautazama. "Anatembea sasa. Miguu bado inavimba. Anauliza kama wewe ni mgonjwa, maana hujaenda."

"Nitaenda Jumapili."

"Uende kusoma gazeti?"

"Niende kukaa."

Wakakaa. Nje mtu alikuwa akinadi njugu. Dalmas alikuna kichwa mahali ambapo Oyugi alikuwa amemaliza kwa haraka, akaona hakuna tena njia ya kuzunguka.

"Na wewe," alisema, "umeshindaje leo?"

Seline alimkazia macho, akingoja hilo swali ligeuke kuwa utangulizi wa jambo jingine. Halikugeuka. Basi akaanza, polepole, kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini. Kuna mama alikuja na kitambaa cha gauni la mtoto, akataka gauni la mtu mzima, tena lenye mifuko. Alikuwa na shemeji yake, Emmaculate, ambaye aliwahi kufanya kazi Katito. Halafu kuna jambo la zipu.

Kama hadithi, ilikuwa na kasoro. Mwanzo ulijikokota. Yule shemeji aliingizwa kwa jina na kazi, kisha akatoweka bila sababu. Kitambaa kilielezwa mara mbili. Dalmas alifungua mdomo.

Seline akanyamaza hapo hapo, mkono ukiwa juu ya gurudumu la cherehani, akasubiri.

Dalmas aliufunga mdomo. Wakati huo ndipo alipoiona zipu yenyewe, na kitu ambacho zipu ilikuwa imeshonewa. Lilikuwa koti la ngozi, limelala mezani kifudifudi, mikono yake miwili ikining'inia upande wa Seline. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama filamu yoyote.

"Halafu?" alisema.